Siku ya Waayalandi katika futari ya Wete

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu ndani ya Ramadhani iliyopita akiwalaumu wazazi wa siku hizi kwa kuwafundisha watoto sikukuu zisizowahusu. Alitaja siku ya wapendanao, akataja maboga yanayochongwa macho na meno, na mwisho akaitia na "siku ya kijani" ya Waayalandi, yaani Siku ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi. Sasa, Wete nzima nyumba zinazoijua siku hiyo hazijazi hata barza moja, na yangu imo. Kwa hiyo nimeona bora nijibu kuliko kukaa nikiguna peke yangu jikoni.

Kwanza nimpe haki yake. Mengi aliyosema ni kweli. Mtoto anayeletewa kofia ya karatasi na puto kwa sababu tu mama ameona picha kwenye simu hafundishwi kitu, anafundishwa kununua. Na mimi niliyesomesha skuli ya msingi hadi nikastaafu nimeyaona mengi ya namna hiyo. Lakini msomaji amewachanganya watu wa aina mbili. Kuna mtu anayeokota sikukuu njiani, na kuna mtu ambaye sikukuu hiyo imo katika ukoo wa watoto wake, apende asipende. Mimi nimo katika hawa wa pili.

Binti yangu ameolewa na kijana wa Ayalandi. Alikuja Pemba kwa kazi ya visima, akasilimu, akaoa, akabaki. Wana watoto wawili, mkubwa wa kiume na mdogo wa kike, na Kipemba chao ni kizito hadi baba yao mara nyengine hunigeukia mimi nimfasirie. Nusu ya watu wao wako Mayo, magharibi ya Ayalandi, na huko yuko bibi yao mwengine, Mkatoliki wa kwenda kanisani hata mvua inyeshe, na kule haikatiki. Watoto wanamwita Bibi Ulaya. Huyo ndiye aliyeuliza, siku moja kwenye simu ya video, kama wajukuu zake hufanya chochote tarehe 17 Machi. Watoto wakatazamana. Mkwe wangu akaona haya.

Akanijia jioni nikiwa napepeta mchele. "Mama," akasema, "kuna jambo la kwetu nataka kuwafanyia watoto, lakini sitolianza bila ya wewe kuliridhia." Msomaji mwenzangu aangalie hapo. Mila haikuingia kwangu kwa dirishani. Ilibisha hodi, ikakaribishwa, ikakaa kitako kwenye mkeka, ikahojiwa.

Nilimhoji kweli. Nilichokuwa nakijua kuhusu siku hiyo ni ulevi. Hata hapa Zanzibar, ukipita kwenye baadhi ya hoteli za pwani ya Unguja siku hiyo, utakuta wageni wamevaa kofia ndefu za kijani na glasi mkononi tangu mchana. Mkwe akacheka, akasema kwao wenyewe haikuwa hivyo. Ile siku ni ya kumkumbuka Mtakatifu Patrick, aliyeishi katika karne ya 5, na inaaminika alifariki tarehe 17 Machi. Ilifanywa sikukuu ya mapumziko Ayalandi mwaka 1903, na kuanzia 1927, kwa zaidi ya miaka 30, sheria ya nchi yao iliamuru vilabu vya pombe vifungwe siku hiyo hiyo. Watu walikwenda kanisani, wakarudi, wakala, wakakaa. Siku yenyewe kila mwaka huangukia ndani ya Kwaresima, yaani mfungo wao, na raha kubwa ya watoto ilikuwa kwamba peremende walizojinyima tangu mwanzo wa mfungo, siku hiyo huruhusiwa kuzila. Bibi Ulaya mwenyewe anasema alikuwa akizihifadhi kwenye mkebe, na usiku wa tarehe 16 halali.

Basi hayo magwaride na makelele yametoka wapi? Yametoka kwa waliohama. Gwaride la New York lilianza 1762, kabla hata Marekani haijawa nchi, na Dublin yenyewe haikuwa na gwaride rasmi la serikali hadi 1931. Ule mto wa Chicago wanaoutia rangi ya kijani walianza kuutia 1962. Na wengi walihama kwa njaa: kati ya 1845 na 1852 maradhi yaliozesha mbatata mashambani Ayalandi, chakula ambacho masikini walikitegemea peke yake, wakafa watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Aliyebaki nyumbani hahitaji gwaride ili akumbuke kwao. Aliye mbali ndiye anayehitaji. Sisi Wapemba tunalijua hilo bila ya kusomeshwa. Waulizeni jamaa zetu walioko Maskati na London, Idi zao zina shamrashamra kuliko za Chake.

Hapo moyo wangu ukalainika, lakini sikumpa ruhusa ya jumla. Nilisema tutachagua. Yale majani ya vipande vitatu wanayoyabandika kifuani, kwa mfano. Inasimuliwa kwamba Patrick aliyatumia kufundishia utatu. Nikamwambia, baba, hilo unajua mwenyewe halina nafasi katika nyumba hii. Akasema analijua, na akaniambia jambo jengine: kisa hicho hakimo katika maandishi mawili aliyoyaacha Patrick kwa Kilatini. Kilionekana kwenye kitabu mwaka 1726, zaidi ya miaka elfu moja baada ya mwenyewe kuondoka. Kwa hiyo majani yalibaki mlangoni, na hakuna aliyeyalilia.

Kilichoingia ndani kwanza ni kisa cha huyo mtu, kisa kile alichokiandika kwa mkono wake. Alikuwa kijana wa miaka kama 16, mtoto wa watu wenye nafasi, katika Uingereza ya zama za Warumi. Wakaja maharamia wa Kiayalandi wakamchukua pamoja na watu wengine wengi, wakamvusha bahari, akafanywa mtumwa. Akachunga mifugo ya bwana wake kwa miaka sita, kwenye baridi na mvua, na huko ndiko alikojifunza kumuomba Mungu. Halafu akatoroka, akatembea mwendo mrefu hadi pwani, akapata chombo, akarudi kwa wazee wake. Na baadaye sana, kwa hiari yake, akarudi Ayalandi kuwahubiria wale wale waliomtumikisha.

Mkwe alikisimulia baada ya futari, kabla hatujaondoka kwenda tarawehe, taa ya umeme imekatika kama kawaida na tuna taa ya sola. Mjukuu wangu wa kiume akauliza swali la mtoto wa Zanzibar: "Soko lake lilikuwa wapi?" Kwa sababu yeye ameshapelekwa Mkunazini, Unguja, ameonyeshwa kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873 chini ya Sayyid Barghash. Kwake yeye mtumwa lazima awe na soko. Baba yake akakosa la kusema. Nikadakia mimi. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba usitafute mbali. Hii mikarafuu unayoiona kutoka hapa hadi Mtambwe, mingi ya mwanzo ilipandwa na watu walioletwa kwa nguvu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa za kwetu, na mikono ya kuzichuma ikahitajika zaidi. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897. Mama wa bibi yangu aliziona siku hizo.

Tulikaa kimya kidogo, halafu yule mdogo akauliza kama Patrick alipewa futari na bwana wake. Tukacheka sote.

Mhariri, mimi nilisomesha historia miaka mingi, na nakwambia sikupata kuona watoto wakiushika utumwa kama jambo la mtu, mwenye umri, mwenye mama aliyeachwa analia, kama walivyoushika usiku ule. Na kuna zaidi. Katika lile andiko lake la pili, Patrick alimlaani mkuu mmoja wa askari aliyewavamia watu wake, akaua baadhi na kuwauza wengine. Ni waraka wa hasira. Mtu aliyewahi kuuzwa anawaandikia wanaouza watu. Ukiacha dini yake, na sisi tunaiacha, hilo ni jambo ambalo mtoto wa visiwa hivi anafaa kulisikia, na sioni kwa nini nilikatae kwa sababu tu limetoka Mayo.

Nyoka nao waliingia. Kila Muayalandi atakwambia Patrick aliwafukuza nyoka wote kisiwani, na ni kweli kule hakuna nyoka wa mwituni. Mjukuu wangu mkubwa, ambaye kila kitu lazima akipime, akasema haiwezekani mtu mmoja afukuze nyoka wote, angewakosa wa kwenye mashimo. Nikamsifu. Ukweli ni kwamba Ayalandi ilifunikwa na barafu zamani sana, na barafu ilipoyeyuka bahari ikaizunguka kabla nyoka hawajawahi kuvuka. Hapo nikapata mlango wa kumwelezea kwa nini Unguja kulikuwa na chui na Pemba hapakuwa. Unguja ilikuwa imeshikana na bara hadi zama za barafu zilipokwisha, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, na wanyama walivuka kwa miguu. Pemba ilijitenga zamani zaidi, na mkondo baina yetu na bara ni wa kina kirefu. Ndiyo maana huku tuna popo wetu mkubwa asiyepatikana pengine duniani, na hatuna chui. Nyoka tunao, bahati mbaya. Siku ya pili kijana akaenda skuli akawaambia wenzake kwamba Pemba na Ayalandi ni ndugu wa baharini. Mwalimu wake alinipigia simu kuuliza ni somo gani hilo.

Sasa nije kwenye mkate, maana bila ya mkate watoto wasingelikumbuka lolote katika hayo.

Waayalandi wana mkate usiotiwa hamira. Unga wa ngano, chumvi, magadi soda ya kupikia, na mtindi, basi. Hayo magadi yaliwafikia katika karne ya 19, na yakawafaa kwa sababu ngano yao ni laini na haiumuki vizuri kwa hamira. Ule ukali wa mtindi ukikutana na magadi unatoa povu papo hapo, kwa hiyo mkate huu hauna kusubiri. Ukishachanganya, unautia motoni, na usiukande kama chapati, utakuwa mgumu kama kifuu. Vidole tu, haraka haraka, ukusanyike, basi. Binti yangu ana mkono mzito wa kukanda, mkate wake wa mwanzo tuliwapa kuku.

Mkwe alikuwa na wasiwasi kwamba hatuna oveni. Nikamuuliza, bibi zako walikuwa na oveni? Akafikiri, akasema hapana, bibi mzaa bibi yake alikuwa na chungu cha chuma chenye mfuniko bapa. Unga ulitiwa ndani, chungu kikaning'inizwa au kuwekwa juu ya moto wa mboji iliyokaushwa, na makaa ya mboji hiyo yakapangwa juu ya mfuniko. Nikamshika mkono nikampeleka jikoni nyuma ya nyumba, nikamwonyesha sufuria yangu ya mkate wa mchele na sinia lake la kupalia. Moto chini kidogo, moto juu mwingi. Mtu mzima yule alisimama pale akaangalia yale makaa juu ya sinia, akatoa simu, akampigia mama yake. Bibi Ulaya alipoona akapiga kelele tusiyoielewa, watoto wakadhani amekasirika. Alikuwa anafurahi. Amemuona bibi yake, alisema, jikoni Wete.

Kuna tofauti ndogo ilitokea, nayo niseme. Kwao hukata juu ya mkate mistari miwili ya kupishana. Nikauliza ya nini. Mkwe akasema ni ili joto lifike katikati, na wazee wao walisema ni kuwatolea nafasi majini wadogo watoke. Nikamwambia majini hapa tunawatoa kwa kisomo, na joto litapita hata kwenye mistari mitatu ya upande mmoja. Tangu hapo mkate wetu una mistari mitatu, na mjukuu wa kike ndiye mwenye kisu, mtu mwengine hakishiki.

Kwa sababu ndani ya miaka mitatu hii, 2024, 2025 na 2026, tarehe 17 Machi imeangukia Ramadhani, mkate huo umekaa kwenye futari tangu siku ya kwanza. Ulikaa pamoja na muhogo wa nazi, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga. Mwanzo jirani yangu aliudhania ni mkate wa ajemi uliokosea njia. Sasa hupeleka mtoto wake na sahani. Upande wa mbatata, mkwe huziponda na kabeji na siagi. Nzuri, lakini kwa mtu aliyefunga naona nzito, na mimi husingizia nimeshiba. Na tende ndiyo inayotangulia kila kitu, hilo halikujadiliwa.

Nguo ilileta kichekesho. Bibi Ulaya alituma fulana mbili za kijani. Sasa wewe Mhariri unajua, na wasomaji wa Pemba wanajua zaidi, kwamba kijani kisiwani kwetu si rangi tu, ni rangi ya chama tawala. Ukiwavalisha watoto kijani kutoka juu mpaka chini ukawapitisha sokoni Wete, kabla hujafika kwenye samaki utaulizwa kadi ya chama umechukua lini. Na 2025 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Nikampigia Bibi Ulaya kumweleza, mkwe anafasiri, na sijui alifasiri vipi kwa sababu bibi yule alicheka hadi akakohoa. Halafu akatuambia kwamba zamani rangi ya Patrick ilikuwa buluu, kijani kilikuja baadaye. Nikasema alhamdulillahi. Watoto huvaa buluu. Buluu kwa sasa haina ugomvi, angalau mtaani kwetu Limbani. Fulana za kijani ni za kulalia.

Siku nyengine tuliyoichukua kutoka kwao ni ya tarehe 1 Februari, ya Mtakatifu Brigid, ambayo wao wanaihesabu kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua. Imekuwa sikukuu ya mapumziko huko tangu 2023 tu, lakini kazi yake ya mikono ni ya zamani. Siku hiyo watoto na wazee hukaa chini wakasuka msalaba kwa majani marefu ya kinamasi, ukatundikwa juu ya mlango, na wao huamini unakinga nyumba na moto. Mkwe aliponieleza nilikaa kimya muda. Kusuka ndiyo kazi yangu, wanawake wa ukoo wetu tunasuka ukili tangu hatujui kusema. Moyo ulitaka. Lakini msalaba juu ya mlango wangu, hapana, na nilimwambia Bibi Ulaya hivyo hivyo, kwa adabu, kwamba mimi nakuheshimu na dini yako naiheshimu, ila mlango huu una dini yake.

Hakununa. Alisema, subiri. Akaniambia kwamba nyumbani kwao shambani alipokuwa mtoto kulikuwa na mmoja mwengine, wenye mikono mitatu tu, ambao haukutundikwa nyumbani. Ulitundikwa kwenye banda la ng'ombe. Akatuonyesha kwenye simu namna ya kuusuka, akiinua kila jani karibu na kioo mpaka tunaona kucha zake tu. Mimi na wajukuu tukausuka kwa ukindu, tuliokwisha kuuchemsha na kuutia rangi nyekundu na nyeusi. Umbo lake linafanana na pia ya watoto inayozunguka. Uko bandani hivi sasa, juu ya ng'ombe wangu wa maziwa, huyo anayetupa mtindi wa mkate. Nimewaambia watoto wazi kwamba mwenye kukinga ni Mungu peke yake na hilo ni pambo. Mkubwa akauliza kama ng'ombe anajua. Nikamwambia ng'ombe hajui hata kwamba ni Februari.

Na mimi nikampelekea Bibi Ulaya kawa, lile kubwa la kufunikia sinia. Kamtia mtu wa posta wa kijiji chao mashaka, kadhani ni kofia. Sasa kawa la Wete linafunika mkate Mayo. Hilo ndilo ambalo yule msomaji hakulitia katika hesabu: alidhani mambo yanakuja upande huu tu.

Watu wananiuliza, hasa vijana walioolewa au kuoa mbali, nao siku hizi ni wengi, tuanzie wapi. Mimi si mtaalamu wa kitu, lakini nina maoni yangu na sitayaficha. Msianzie dukani. Muulizeni mzee mmoja wa upande wa pili alikuwa akifanya nini siku hiyo akiwa na miaka saba, sio nchi yao inafanya nini. Nchi itawaletea magwaride. Mzee atawaletea mkebe wa peremende. Kisha mwulizeni na mzee wa upande huu, kabla na sio baada, maana ukimletea mama mkwe jambo limeshapikwa, hata likiwa zuri atalionja kwa ncha ya ulimi. Chukueni kidogo. Sisi tuna mkate, kisa, na ule usukaji wa Februari, hatuna jengine na hatutaki. Binti yangu alitaka kuongeza ile ya Oktoba ya kuficha pete ndani ya mkate, nikamwambia pete zangu zimebaki chache. Na picha msizitume kila mahala. Watoto wakijua wanapigwa picha huanza kuigiza, na kisa cha Patrick kikawa hakisikilizwi tena.

Wapo watakaosema mtoto atachanganyikiwa. Waje wamuulize mjukuu wangu yeye ni nani. Atawaambia ni Mpemba, Muislamu, wa Limbani, na kwamba ana mlima kule kwa bibi yake, Croagh Patrick, wa mita 764, ambao watu huupanda Jumapili ya mwisho ya Julai na wengine bila ya viatu. Mlima ule humtia kiburi sana, kwa kuwa Pemba tuna vilima tu. Hajawahi kuuona.

Kilichonishughulisha mimi zaidi ni swali lake jengine. Aliponiuliza sisi watu wa hapa siku yetu ya kusimuliana visa ni ipi, nikamtajia Siku ya Mwaka, mwaka mpya wetu wa jadi. Nikamweleza tulivyokuwa tukienda kuoga pwani alfajiri, na tulivyokuwa tukipikiwa. Akaniangalia kama ninayemsimulia habari za Misri. Makunduchi wameushikilia Mwaka Kogwa wao, wanachoma kile kibanda chao, wanapigana kwa vigomba, wageni wanakuja kuangalia. Huku kwetu vijiji vingi umefifia na watoto hawaujui. Ombi langu kwako Mhariri, na hili ndilo hasa lililonikalisha kuandika: fungua nafasi katika gazeti, hata robo ya ukurasa, kabla ya Julai, wazee wa Micheweni, Kojani, Mkoani na kwengineko waandike Siku ya Mwaka ilikuwa ikifanywaje kwao walipokuwa watoto. Yule ndugu aliyelalamika namuomba awe wa kwanza. Anaonekana ana kumbukumbu nzuri na kalamu kali, na nitamsoma kwa hamu.

Kwangu mimi kuna tatizo la karibu zaidi. Mjukuu wangu wa kike alianza kuijua siku ya Patrick akiwa mdogo mno, na kwa kuwa kila aliyoiona ilikuwa ndani ya mfungo, yeye anaamini Patrick ni jambo la Ramadhani, kama daku na kaimati. Nimejaribu kumweleza kwamba mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, kwamba Ramadhani inarudi nyuma na Machi 17 inabaki palepale, na kwamba hadi zikutane tena itapita miaka kama 30, yeye ni mama wa watu. Hakukubali. Mwaka 2027, mwezi ukiandama kama inavyotarajiwa, siku hiyo itaangukia Mfunguo Mosi, baada ya Idi. Kaka yake anataka mkate uliwe mchana, moto moto, kama Mayo. Yeye anasema lazima magharibi. Wameniletea kesi niamue, na nimempa ushindi yule mdogo, kwa sababu wakati huo inshallah nitakuwa ndani ya sita yangu, zile siku sita za kufunga baada ya Idi, na mkate huo sitaki kuuangalia tu.

Wako,
Bibi wa Limbani,
Wete, Pemba